Bwawa Lisilo na Mwenyewe

Umeme ulipofika Mkokoni, Tabu Marijani ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua friza. Ililetwa na Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka Kibada, imefungwa kamba huku na huku, na majirani wakatoka kuitazama inavyoteremshwa utadhani bibi harusi ndiye anayeshuka. Tabu alikuwa mwanamke wa hamsini na kitu, mzaliwa wa hapohapo, katika vile vitongoji vya upande wa Kimbiji ambako mji wa Dar es Salaam unafika kwa jina kabla haujafika wenyewe. Miaka yote alikuwa akinunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga siku hiyohiyo, kwa kuwa samaki mbichi hana subira. Friza ilimpa subira hiyo. Akaanza kuuza barafu, akaanza kuwahifadhia wavuvi samaki wao mpaka wachuuzi wa soko la Feri waje, na mumewe Faraji, fundi uashi aliyezoea kuwa ndiye anayerudi na unga nyumbani, akawa anauliza kwa utani kama na yeye anaweza kuajiriwa.

Nguzo za umeme huo zilikuja zikikatiza bwawa. Mkokoni ina barabara moja ya vumbi inayopita katikati ya minazi, na upande wa pili kuna bwawa pana, maji yake nusu ya mvua na nusu ya bahari, yanayoingia na kutoka kwa kupitia mikokoni. Watu wa umeme walipokuja mara ya kwanza walisema wangependa kufuata barabara, ila minazi ya kando ingebidi ikatwe. Wenye minazi wakakataa. Tabu alisimama kabla ya wenzake wote.

"Minazi ile ameipanda mama yangu kwa mikono yake," alisema. "Atakayeigusa aanze na mie."

Ndipo mtu mmoja akauliza kwa nini waya zisipite bwawani, maana bwawa halina mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mpimaji akaandika, kikao kikafungwa, na kila mtu akarudi nyumbani akiwa ameridhika.

Labda Margareta peke yake ndiye ambaye hakuridhika. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Masasi, aliyekuja mjini na mumewe Fransis, mchonga vinyago anayeshinda kazini Mwenge na kurudi mwisho wa wiki. Margareta alikodi kipande cha ardhi ukingoni mwa bwawa, akalima mchicha, bamia na matembele. Siku ya kikao alikuwepo, amekaa nyuma, na mkono aliunyoosha. Lakini mpangaji hapewi kipaza sauti.

Mvua za mwaka ule zilipita, kiangazi kikaingia, maji ya bwawa yakaanza kupungua, na samaki wakabanana kwenye madimbwi. Ndipo mwari wakaja. Walikuwa wakija kila mwaka, ndege wakubwa wa rangi ya majivu, wenye mfuko chini ya mdomo, wanaotua majini kwa kishindo kama mizigo inayoshushwa. Watu wa Mkokoni walikuwa wamewazoea kiasi cha kutowaona. Mwaka ule wakalazimika kuwaona, kwa sababu umeme ulianza kukatika.

Mara ya kwanza ulikatika asubuhi ukarudi jioni. Baada ya siku chache ukakatika tena, na safari hii haukurudi hata kesho yake. Mafundi walipokuja walitembea chini ya waya huku wamekunja suruali, wakasimama katikati ya bwawa, wakaonyeshana kidole. Mwari mmoja alikuwa ananing'inia kati ya waya mbili, ameungua bawa.

"Ndege," fundi mmoja akawaambia watu waliosubiri ukingoni. "Akigonga, waya zinagusana. Zikigusana, huko mbele kunajizima."

Siku hiyo Tabu alifungua friza akakuta maji. Kolekole na tasi wa watu walikuwa wamelegea, macho yamezama. Aliwagawa kwa majirani wakale kabla hawajaoza, na waliobaki akawaanika juani kuwa ng'onda. Jioni akamwambia Faraji, "Ndege gani hawa wasio na macho? Mbingu yote hiyo, wameona wapite hapo tu?"

Tangu hapo akawa adui wa mwari. Akiwaona wanazunguka angani anaingia ndani, anaweka mkono juu ya friza kusikia kama bado inanguruma.

Siku moja asubuhi na mapema Margareta akaja uani kwake amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa kanga. Chini ya kanga palikuwa na mwari. Bawa moja lilikuwa linaning'inia, na mdomo wake mrefu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kichwa.

"Shoga, nimekuletea mgeni," Margareta alisema.

"Mgeni gani? Margareta, hebu mtoe huyo hapa. Unajua yameniharibia samaki kiasi gani haya?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Mie nina mchicha, na mchicha hali. Wewe samaki walioharibika unao."

Tabu akamtazama yule ndege. Ndege naye akamtazama kwa jicho moja la pembeni, jicho la manjano lisilo na lawama wala ombi. Alikuwa ananuka tope na shombo.

"Umemwokota wapi?"

"Kwenye matembele yangu. Huwa nawaokota pale, ila huwa wameshakufa. Nawazika ili mbwa wasizoee kuja kunikanyagia matuta." Margareta akamweka chini taratibu. "Huyu nilikuta amekaa katikati ya tuta, ananiangalia kama amenisubiri. Nikashindwa kumpita."

Nyuma ya nyumba ya Tabu kulikuwa na banda la jiko la zamani, la makuti, ambalo halikuwa na kazi tena. Ndege akawekwa humo. Tabu alisema ni kwa siku hiyo tu. Alimtupia samaki mmoja aliyelainika, ndege akamwacha. Akamtupia wa pili, akamwacha. Margareta akafungua kile kitambaa mdomoni, akacheka, akasema, "Ungekula wewe, umefungwa mdomo?" Na samaki wote wawili wakaingia kwa mpigo, wakaonekana wakishuka shingoni.

Bwana mifugo, kijana anayeitwa Fakihi, alipita siku ya pili akielekea kuchanja kuku. Akalipapasa bawa, akatikisa kichwa. Mfupa umevunjika karibu na bega, alisema, na ndege mzito namna ile hata ukiunga hataruka. Kuishi anaweza. Kuruka asahau.

"Basi tumchinje," Faraji alisema usiku ule wakila. Hakusema kwa ukatili, Faraji si mtu katili. "Anateseka bure. Na nyama yake ni halali, nimeuliza."

"Leo hapana," Tabu akajibu.

Kesho yake alipoulizwa tena akajibu vilevile, na keshokutwa Faraji hakuuliza.

Habari zikaenea, na wanawake wa Mkokoni hawakuacha nafasi hiyo ipite. Mwari si jina la ndege tu. Ni jina la binti aliyewekwa ndani kufundwa, na kila aliyekuja kununua barafu alichungulia kwenye banda. "Bi Tabu, tumesikia una mwari ndani. Ngoma lini?" Au, "Mwari wako anakula hivyo, mume atamweza nani?" Tabu alikuwa anacheka nao. Kicheko kile kilimwondolea kitu fulani kifuani. Alijikuta anaamka mapema kabla ya swala kwenda kumtazama. Ndege alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni mwa banda mwanga ukianza kuingia, akinyoosha bawa zima, na lile lililovunjika likijaribu kufuata na kushindwa. Alifanya hivyo kila asubuhi. Tabu hakujua kama kusahau ndiko kunakomfanya ajaribu tena, au hajakubali.

"Anahitaji maji," Margareta alisema siku moja. "Ndege wa maji huwezi kumweka mavumbini kama kuku. Twende naye bwawani, tumwogeshe tumrudishe."

Wakambeba kwenye tenga alfajiri, mmoja huku mmoja huku. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya maji, na kimya kile ambacho hata vyura wamenyamaza. Walimweka kwenye maji ya magotini, wamemfunga kamba laini mguuni asiende mbali. Akachovya kichwa, akajirushia maji mgongoni, akajikung'uta. Margareta alikuwa amesimama na sketi ameikunja kiunoni, anacheka peke yake.

Ndipo wenzake wakaja. Walitokea upande wa bahari, wamejipanga mstari, chini chini, kwa sababu walikuwa wanajiandaa kutua. Hawakupiga mbawa. Walikuwa wameziacha wazi, wanateleza, shingo wamezikunja na vichwa wameviinamisha kidogo wakitazama maji. Tabu alikuwa hajawahi kuwatazama kutoka chini, wanapomjia mtu uso kwa uso. Aliona jinsi wa mbele anavyoongoza na wa nyuma wanavyofuata kila anachokifanya, akishuka wanashuka. Nguzo waliziona, maana walijikunja kidogo kuzikwepa, wakapita katikati ya nguzo na nguzo, pale palipoonekana peupe.

Sauti ilikuwa ndogo. Ilikuwa kama mtu amepiga kamba ya kuanikia nguo kwa fimbo. Wa mbele alisimama hewani, hivyo ndivyo Tabu alivyosimulia baadaye, alisimama kama ameitwa jina, kisha akageuka tumbo juu na kuanguka. Wa pili alijaribu kupanda, akagonga kwa kifua. Waliobaki wakatawanyika, wakapaa wakihangaika, na waya ikawa inacheza juu chini, juu chini, kwa muda mrefu baada yao.

Mwari wa kwenye kamba alikuwa ameinua kichwa.

Wanawake wale wawili walisimama majini. Halafu Tabu akasema, "Walikuwa wanaangalia maji."

"Mm."

"Hawakuwa vipofu. Walikuwa wanaangalia wanakokwenda."

"Ile waya haionekani, Tabu. Mie ninayelima chini yake siioni mpaka jua lipande. Na njia yao ni hii. Wamepita hapa kabla ya sie sote."

Walitembea mpaka kwa wale walioanguka, wote wawili walikuwa wameshakufa, wakawavuta mpaka nchi kavu. Margareta alikwenda kuchukua jembe. Ni wakati wanarudi nyumbani na tenga ndipo Tabu alipokumbuka kwamba waya ikigongwa umeme unakatika, kwamba friza yake itakuwa imezima, na kwamba alikuwa hajaiwaza hata kidogo tangu sauti ile.

Mwari wa bandani hakuishi sana baada ya hapo. Aliacha kula, akawa anakaa kona moja na mdomo ameuegemeza kifuani, na asubuhi moja Tabu alikuta hajasimama mlangoni. Walimzika ukingoni mwa bustani ya Margareta, walipozikwa wenzake. Tabu alidhani atashukuru kupungukiwa na mdomo wa kulisha. Badala yake alishinda siku nzima anatoka nje na kurudi ndani bila kujua alichofuata. Faraji alimwona, na hakumtania.

Malalamiko ya kukatika umeme yalikuwa yamefika mbali, maana laini ile ilikwenda mpaka vitongoji vya mbele. Kabla kiangazi hakijaisha shirika la umeme likamtuma mhandisi. Alikuwa dada mmoja anayeitwa Recho, amevaa buti za mvua na fulana ya kung'aa, na kabla ya kuitisha kikao alitembea bwawani kutwa nzima akigonga nguzo kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kikao kilifanyika ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya mwenyekiti Hija, mzee mchangamfu asiyependa mambo marefu.

Recho alisema wazi. Nguzo za bwawani zinaoza kwa maji ya chumvi, nyingine zimeshaanza kulala, na lazima zibadilishwe. Ndege wanagonga laini ile kuliko nyingine yoyote anayoisimamia. "Naweza kusimika nguzo mpya palepale," alisema, "na mwaka kesho nitarudi hapa kuongea maneno haya haya. Au tuhamie barabarani. Lakini barabarani kuna miti ya watu, na mie siwezi kukata mti wa mtu asiyetaka."

Margareta akanyoosha mkono. Hija akamwangalia, akaangalia pembeni, kama mtu anayetafuta mkono mwingine. Hakukuwa na mwingine. Ikabidi ampe.

"Mie sina mti," Margareta alisema. "Sina hata kiwanja, nalima kwa kukodi. Lakini nawazika. Wenzangu hamjui ni wangapi kwa sababu nawawahi kabla hamjaamka. Mkisema bwawa halina mwenyewe, njooni siku moja alfajiri mkae na mie pale. Ni hilo tu."

Akaketi. Watu wakatazama viatu vyao. Tabu akasimama.

"Pitisheni kwangu."

"Kwako wapi?" Hija akauliza.

"Barabarani. Kipande chetu ndicho kirefu kuliko vyote, nyie mnajua. Pitisheni hapo."

"Tabu, si wewe uliyesema atakayeigusa aanze na wewe?"

"Ni mie. Nilikataa, sasa nimekubali. Mlitaka nikatae mpaka lini?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikawalegeza wengine. Wenye minazi michache michache wakaguna, wakanong'onezana, kisha mmoja mmoja akakubali. Isipokuwa kiwanja cha kona, kinachopakana na shingo nyembamba ya bwawa. Hicho kilikuwa cha mtu wa mjini aliyekinunua akakizungushia ukuta na hakuonekana tena. Hija alikuwa na namba yake, akaipiga palepale mbele ya watu, ikaita mpaka ikakata.

Recho akamfuata Tabu nje. "Mama, nashukuru. Ila karatasi zinasema shamba ni la marehemu Bi Zubeda Marijani na warithi wake. Mko wangapi?"

"Wawili. Mie na mdogo wangu."

Nurdin, mdogo wake, alikuwa na duka la spea za pikipiki Tabata. Tabu alimkuta amekaa nyuma ya kaunta, amezungukwa na cheni na plagi, anabishana na mteja. Alipomwona dada yake alinyanyuka haraka.

"Shikamoo dada. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Maliza na mteja wako."

Alipomweleza, Nurdin alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kitambaa akaanza kujifuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Minazi ya mama," alisema. "Kwa ajili ya ndege."

"Na friza pia. Sitakudanganya. Umeme ukikatika mie naumia."

"Ukisema friza nakuelewa. Ukisema ndege, dada, nashindwa."

"Na mie nilikuwa nashindwa mpaka juzi."

"Mama aliimwagilia ile minazi kwa ndoo. Kutoka kisimani mpaka barabarani, jua kali. Kila nikipita pale naona mgongo wake."

"Nilikuwepo, Nurdin. Ndoo nyingine nilibeba mie. Mgongo wa mama unaukumbuka kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa juu yake, umefungwa kwa kanga."

Nurdin aliinama. Mteja mwingine aliingia, akauliza bei ya tairi, Nurdin akamwambia arudi baadaye. Feni ilizunguka juu yao.

"Siwezi kukubali," alisema mwishowe. "Nisamehe. Sehemu yangu siwezi."

Tabu alikuwa amelijua jibu hilo tangu anatoka nyumbani, na alikuwa amejiandaa. "Basi tugawane. Tangu mama afe hatujagawana. Wewe chukua ile ya nyuma, yote, kuanzia kisimani. Minazi yake bado michanga na inazaa. Mie nipe ya barabarani."

"Halafu uikate."

"Halafu niikate."

"Utabaki na nini wewe?"

"Na nyumba. Na barafu."

"Watu watasema nimemdhulumu dada yangu."

"Watasema. Na mie watasema nimerogwa na ndege."

Nurdin alicheka kabla hajajizuia. Halafu uso wake ukarudi kuwa mgumu, akasema atakwenda kwa Hija kuandikishana, lakini asiombwe kuja kutazama. Tabu alipoaga hakumsindikiza mpaka kituoni kama alivyozoea.

Siku ya kukata, vijana wa shirika walikuja na misumeno ya injini. Faraji alichukua ruhusa kazini. Tabu alisema atakaa ndani, kisha akashindwa kukaa ndani, akatoka na kusimama kando ya barabara na Margareta. Mnazi haulii kama mti wa mbao. Unakwenda taratibu, unasita, kisha unalala wote kwa pamoja, na ardhi inatetemeka mpaka kwenye nyayo. Kila ulipolala, mwanga uliongezeka barabarani, mpaka ikawa kama nyumba iliyoezuliwa bati.

Katikati ya kazi ile pikipiki ikasimama. Nurdin akashuka, hakumsalimia mtu. Alipita kati ya magogo akiokota nazi zilizokomaa, anaitikisa moja karibu na sikio, anaiacha, anachukua nyingine, zile anazozipenda anatia kwenye kiroba, kama mtu anayechagua mbegu. Hakusema za nini. Tabu naye hakumuuliza.

Vijana walipasua vilele wakatoa shaha, ule moyo mweupe laini wa mnazi ambao mtu hawezi kuula bila kuua mti. Ulikuwa mwingi kiasi cha kutosha Mkokoni nzima. Tabu alimpikia kila aliyekuwepo, kwa tui la nazi za minazi hiyohiyo, na watu wakala wamekaa juu ya magogo. Nurdin alikula kwa kusimama. Alipomaliza alirudisha sahani kwa dada yake kwa mikono miwili, akafunga kiroba nyuma ya pikipiki, akaondoka. Idd iliyofuata hakuja Mkokoni. Alituma mchele na salamu.

Laini ikahamishwa. Nguzo za bwawani zilivutwa moja moja na watu waliozama tope mpaka mapajani, ila moja iligoma ikakatwa, na kisiki chake kimebaki majini. Ndege weusi wa maji, mnandi, wamekigeuza baraza lao, wanakaa juu yake na kukausha mbawa. Kwenye kona ya yule bwana asiyepokea simu, waya ililazimika kurudi juu ya maji kwa kipande kifupi. Recho alifunga hapo vitu vya rangi ya machungwa vilivyosokotwa kama springi, ili ndege waione waya kwa mbali. Alikuja mwenyewe kusimamia, na kiangazi kilipoingia alirudi kuuliza.

"Wamepungua sana," Tabu alimwambia. "Umeme haujakatika mara nyingi."

"Sana," Margareta akasema. "Lakini juzi nimezika mmoja."

Recho alisema kwamba kwa kazi yao, kupungua kiasi hicho ni jambo kubwa. Margareta akamjibu kwamba anamwelewa na anamshukuru, ila yule aliyemzika juzi hakuwa amepungua, alikuwa amekufa. Recho hakukasirika. Alimwomba Hija ile namba ya mwenye kiwanja cha kona, akasema ataendelea kuipiga yeye.

Tabu na Margareta hukaa pale ukingoni asubuhi nyingine, kabla ya kazi, na chupa ya chai. Siku moja Margareta alimuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

"Unajuta?"

Tabu alifikiri. Hakutaka kujibu uongo kwa mtu aliyechimba makaburi yale peke yake.

"Nikienda dukani kununua nazi, najuta," alisema. "Tena nalipa huku nimenuna. Mtoto wa Zubeda Marijani kununua nazi! Na barabara ina jua sasa, wazee wananilaumu. Na Nurdin..." Akapuliza chai.

Mwari walikuwa wanakuja kutoka upande wa bahari, mstari mmoja, wanashuka. Margareta aliacha kunywa, kikombe kiko njiani kuelekea mdomoni, kama anavyofanya mpaka leo, maana mwili haujaamini bado. Ndege walipita palipokuwa na waya, wakanyoosha miguu mbele, wakatua kwa vishindo vyao, na maji yakaruka mpaka kwenye majani ya matembele.

"Chai inapoa," Tabu alisema.

Margareta akanywa.